Kamelia ya Tawa na Kijiko cha Harusi

Kila mwezi wa saba, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Mbooni na kukaa juu ya mabati yetu mpaka saa nne asubuhi, vijana husimama langoni kwangu na simu zao. Hawaji kunisalimia. Wanakuja kupigwa picha kando ya ua langu jekundu. Wakishatosheka, mmoja hukumbuka adabu, huniita bibi kwa Kikamba na kuuliza, "Susu, kwani hii unaiwekea dawa gani?" Nami hujibu, "Dawa yake ni kuacha kuiwekea vitu." Wanacheka, wanaondoka, na mimi nabaki na jibu refu ambalo hakuna aliyelingoja. Basi leo mtalisoma, kwa sababu karatasi haina haraka.

Mimi ni Syombua. Nimefanya kazi moja tu maishani, kazi ya bustani, na nimeifanya kwenye boma moja tu, la Mwalimu Wambui, juu ya Tawa, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea milimani. Wengi waliniita "yule wa kumwagilia maua ya Mwalimu," kana kwamba kumwagilia ni kumimina tu. Sasa nimestaafu na nitajisifu. Unyenyekevu nitauvaa Jumapili. Kamelia ile imesimama kwenye nchi ya michungwa na mbaazi kwa sababu ya mikono hii miwili. Na nikisema ukweli niuseme wote: mikono hii hii nusura iiue, tena mara mbili. Kosa la kwanza kila mtu alilijua. La pili nililificha miaka mingi, na nitawaambia jinsi lilivyonitoka mdomoni siku ambayo sikutaka.

Kwanza mwijue kamelia yenyewe. Mmewahi kuona chai ikiwa bado shambani? Basi kamelia na chai ni dada wa tumbo moja. Jani ni lile lile gumu, linalong'aa, lenye meno madogo ukingoni. Tofauti ni kwamba chai inakatwa kichwa kila mara kwa sababu ya biashara, na kamelia imeachwa ikue, ikajipamba. Inapenda udongo mwekundu wenye uchachu, baridi ya asubuhi, kivuli cha mchana na maji yasiyo na chumvi. Sasa niambieni, katika hivyo vyote, Makueni tuna nini? Udongo mwekundu tunao huku juu milimani. Baridi tunayo ya kuazima, miezi miwili au mitatu. Kivuli mtu hujitengenezea. Maji nitayafikia, maana hayo yalitaka kunivunjia heshima kanisani.

Mwalimu Wambui alizaliwa kwenye nchi ya chai, upande wa Wakikuyu. Aliolewa na Mkamba, mwalimu mwenzake, akaja kufundisha Tawa na hakurudi tena. Siku niliyokwenda kuomba kazi, bwanake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumzika mamake huko kwao. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, na ndani ya mkebe kijiti chenye majani saba. Nayakumbuka kwa sababu baadaye niliyahesabu kila siku.

Akanieleza. Mamake alikuwa na kamelia mlangoni kwa miaka mingi. Kabla ya kufa alikuwa amelifunga tawi moja mpaka likatoa mizizi, akisema hili ni la binti yangu wa Ukambani. Hakuwahi kulituma. Wiki ile ile ya mazishi, ndugu zake waliung'oa mti mkubwa ili kupanua zizi la ng'ombe, kwa hivyo kile kijiti cha mkebeni ndicho kilichobaki cha mama duniani. Na asubuhi ya kuondoka, kakake mkubwa, Njoroge, asiyevua kofia yake hata mazishini, alimkuta ameupakata mkebe, akamwambia mbele ya watu, "Wambui, unaupeleka mti wa mama ukafe na kiu? Huko kwenu hata mawe yanaomba maji."

Aliponiambia maneno hayo alikuwa anaugeuza mkebe mezani, anaugeuza, anaugeuza.

"Syombua," akasema, "umewahi kupanda mti ambao ukifa huwezi kununua mwingine?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hata mimi. Basi tutajifunza."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi. Na mimi, badala ya kuingiwa na hofu, nilikasirika. Mawe yetu yaliniuma kuliko mti wake. Nikaapa moyoni kwamba huyo Njoroge siku moja atakuja kuitazama kamelia hii akiwa amevua kofia.

Hasira ilinituma kuchimba. Mnajua sisi tunavyopanda huku. Mtoto wa Mkamba akijua kushika jembe anajua kwamba mti unapandwa ndani ya shimo, tena chini kabisa, ili mvua ikija ikusanyike pale na isipotee. Mchungwa unapandwa hivyo, mpapai hivyo, mahindi ya vishimo hivyo. Mvua yetu ni mgeni wa saa moja, lazima umfungie mlango. Basi nikachimba shimo la kunifika gotini, nikatia mbolea ya mbuzi iliyoiva, nikaishusha kamelia chini kabisa, nikazungushia kingo za udongo kushika maji. Lilikuwa shimo zuri. Majirani walilisifu. Nilisimama kando yake mikono kiunoni kama mtu aliyemaliza kujenga kanisa.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja. Shimo likajaa, likatulia, likawa kidimbwi. Kabla ya Krismasi majani saba yalikuwa matatu.

Mwalimu hakunifokea. Alinituma kwa Mzee Kilonzo, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miche cha msituni huko juu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Alishuka na fimbo yake, akainama juu ya shimo langu zuri, akakohoa.

"Mwiitu wakwa," akaniambia, yaani binti yangu, "hii umeizika. Nani amekufa?"

"Nimeipanda kama mchungwa, Mzee."

"Hii si mchungwa. Mizizi yake iko juu juu, inataka kupumua. Hii inapandwa mlimani, hata kama ni lazima ujenge mlima."

Tukaujenga. Tulikwenda msituni na magunia, tukaleta udongo wa chini ya miti, mweusi na mwepesi, tukauchanganya na mwekundu wetu, tukaurundika upande wa mashariki wa nyumba ambako jua la asubuhi linafika na la mchana halifiki. Kilima chenyewe kilikuwa kama ugali uliopinduliwa kwenye sahani. Kamelia ikawekwa juu yake, shina likiwa juu kidogo kuliko udongo, halafu ikafunikwa shuka la majani makavu ya paini ya unene wa kiganja. Mzee Kilonzo alinishika mkono akauweka pale shina linapoingia ardhini. "Hapa," akasema, "pasiguswe na kitu. Wala mbolea, wala matandazo, wala mapenzi yako."

Hilo la mapenzi sikulielewa siku hiyo.

Nyinyi mna bahati. Mjukuu wangu Mwende anaotesha miche kwenye chupa za plastiki zilizokatwa, anachovya vikaratasi kwenye udongo vinabadilika rangi, kisha anatangaza, "Susu, soil yako iko sawa, iko acidic." Namwambia asante, lakini uchachu huo mimi niliujua kwa ulimi. Ndiyo, niliulamba udongo. Mzee Kilonzo aliulamba, nikaulamba. Msicheke. Mwende ameniwekea pia chupa iliyotobolewa inayodondosha maji polepole, na nakiri kwamba hiyo imenishinda, ni bora kuliko mkono wangu. Mtu akifanya vizuri nasema. Lakini simu yake haikumwambia kwamba kamelia hukasirika ikihamishwa kutoka kivuli ilichozoea, mpaka alipohamisha yake na vitumba vyote vikaanguka kabla ya kufunguka. Alilia. Nikamwambia karibu kazini.

Sasa maji. Ya kisima cha kuchimbwa yana chumvi, mnayajua, yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Kamelia ukiinywesha hayo inafunga mdomo. Inataka maji ya mvua, na maji ya mvua huku kwetu ni ya kunywa watu. Mwaka mmoja mvua ilipotukimbia misimu miwili, habari zikafika kanisani kwamba Syombua analinywesha ua maji ya tangi la Mwalimu huku akina mama wakipanga foleni ya maji ya chumvi na punda zao. Baada ya ibada, Mama Nduku wa kwaya akanisimamisha mlangoni.

"Mama Mutua," akaniita kwa jina la mwanangu, "ni kweli nyinyi huko juu mna ua linakunywa maji ya mvua?"

"Ni kweli."

"Na watoto wetu wanakunywa chumvi. Ngai! Hilo ua litatuombea?"

Nilitamani ardhi inimeze, maana alikuwa na haki yake. Nikamwambia aje kesho aone kwa macho. Akaja, tena na wenzake wawili kama mashahidi. Nikawapeleka nyuma ya jikoni, nikawaonyesha beseni. Yale maji yaliyoosha mchele, yaliyoosha sukumawiki, yaliyosuuza vikombe kabla ya sabuni, yote yalikuwa yanaingia humo, na humo ndimo kamelia ilikuwa inakunywa, jagi moja kila siku ya tatu. Majani ya chai tuliyokwisha kuyachemsha nayo yalikuwa yanatupwa juu ya matandazo. Mama Nduku akachungulia beseni, akanusa.

"Kumbe linakula makombo," akasema.

"Kama sisi."

Akacheka, na toka siku ile akawa ananiletea majani yake ya chai kwenye gazeti. Mwalimu naye alipoyasikia hayo alifungua tangi kila Jumamosi, kila mama achukue dumu moja la kupikia chai ya Jumapili. Tangi liliisha kabla ya mvua, na hakuna aliyelilaumu ua.

Nimezunguka vya kutosha. Nilisema nitawaambia la pili.

Mwaka wa tatu kamelia ilikuwa imefika kiunoni, mbichi kabisa, na mimi nilikuwa nimeanza kutembea nayo kichwa juu. Ndipo mchwa wakaja. Niliona mstari wao wa udongo umepanda ukuta wa nyumba, hatua nne tu kutoka kwenye kilima changu. Na sisi dawa ya mchwa tunaijua toka tukiwa mgongoni mwa mama: majivu. Mahindi yanamwagiwa majivu, mchungwa unamwagiwa majivu, ghala linamwagiwa majivu. Sikumuuliza mtu. Nilizoa majivu ya jikoni ndoo nzima, nikaifunua kamelia shuka lake la majani, nikaizungushia majivu mpaka shinani, nikayamwagilia yashuke, kisha nikarudisha matandazo juu pasionekane kitu. Nilifanya hivyo wiki tatu mfululizo. Niliona ninailinda.

Majivu, vijana wangu, ni adui wa uchachu. Yalikula kila kitu ambacho mimi na Mzee Kilonzo tulikuwa tumekijenga. Majani yakaanza kuwa ya manjano, mishipa ikibaki ya kijani, kama ramani ya mito. Kisha yakaanza kuungua ncha.

Mwalimu akatoka na kikombe chake, akalishika jani. "Syombua, mama ana nini?" Alikuwa na desturi hiyo, akiuita mti ule mama.

Nami nikamjibu, "Ni baridi, Mwalimu. Itapita."

Nilidanganya. Nilikuwa tayari nimeshajua, maana jioni ya siku iliyotangulia nilipanda kwa Mzee Kilonzo, akiwa mgonjwa kitandani, nikamweleza. "Mapenzi yako," akasema. "Nilikuambia." Kisha akanielekeza: kwangua yote, hata ule udongo wa juu ulioyanywa, ila usiiguse mizizi kwa jembe. Iko juu juu, utaikata. Tumia kitu kidogo.

Kitu kidogo nilichokipata jikoni kilikuwa kijiko. Kulikuwa na seti ya vijiko vya harusi ya Mwalimu, vyenye maua yamechorwa kwenye mpini, ambavyo havikuwa vinatumika ila siku ya wageni. Nilichukua kimoja kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Kila asubuhi kwa siku kumi na moja, kabla Mwalimu hajaamka na kabla ya moto kuwashwa, nilipiga magoti juu ya kilima nikakwangua majivu kijiko kwa kijiko, nikatia udongo wa msituni kijiko kwa kijiko. Nilikuwa nalia, nisiwafiche. Sikuwa nalilia mti peke yake. Nilimwona Njoroge na kofia yake kichwani, akisema mnaona, niliwaambia. Niliona kwamba mama wa mtu amefia mikononi mwangu mara ya pili.

Kijiko kilipinda. Sikuweza kukirudisha. Mwalimu aliwahi kusema mara moja tu, "Kuna kijiko kimoja hakionekani," nami nikainamia sufuria kana kwamba sijasikia. Kikabaki mfukoni mwa aproni yangu, kikawa chombo changu cha kazi. Mpaka leo sijaona kifaa cha dukani kinachokishinda kwa kuondoa magugu kwenye mizizi ya juu.

Kamelia ilirudi. Ilichukua mwaka mzima na zaidi. Majani mapya yalitoka mekundu kidogo, laini, halafu yakawa ya kijani kibichi cha kawaida, na mimi kila nikiyaona nilikuwa naona aibu na furaha pamoja. Mzee Kilonzo hakuliona jani hata moja. Tulimzika mwezi wa tano, na nilikwenda mazishini na udongo wa kilima chetu kwenye leso nikautia kwenye kaburi lake. Yeye ndiye aliyeniambia tukijenge.

Halafu ikachanua. Mwaka wa kwanza wa vitumba, vyote vilianguka chini vikiwa vimefungwa, kwa sababu nilikuwa naimwagilia nikikumbuka. Kitumba kinataka kunywa kwa saa ile ile kama mgonjwa wa sukari na dawa yake. Mwaka uliofuata nilivipunguza mwenyewe, nikiacha kimoja kila ncha ya tawi, na asubuhi moja ya ukungu nikakuta ua moja limefunguka, jekundu lililoiva, petali zimepangwa safu kwa safu mpaka katikati. Nilimwita Mwalimu. Alikuja na kanga ya kulalia, akaketi kwenye kigoda, akakaa pale mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akasema, "Ndilo." Hilo tu. Nami nilijiona mrefu kuliko mlima wa Mbooni, na sitaki mtu aniambie nilikosea.

Jumapili hiyo tulilipeleka kanisani ndani ya glasi. Kina mama wa usafi walikuwa wamezoea yale maua ya plastiki ya madhabahuni, basi mmoja akalichukua, akalifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha akalirudisha. Mama Nduku akalifinya petali kwa kucha kuhakikisha. Kucha ilipoacha alama ya kahawia akaruka nyuma. "Aiya! Kumbe liko hai!" Mchungaji alingoja dakika nzima watu waache kucheka.

Miaka ilikwenda. Nilijifunza kuikata matawi mara tu baada ya maua kwisha na si baadaye, kuyafuta majani kwa kitambaa yasishikwe na vile vidudu vyenye magamba, na kulifunga tawi bandeji kama alivyofanya mamake Mwalimu kule nchi ya chai: unaondoa ganda la tawi upana wa kidole, unalizungushia udongo wa msituni wenye unyevu, unalifunga kwa plastiki, unasubiri miezi mpaka uone mizizi myeupe. Nilikuwa nimelifunga moja mwaka wa kustaafu kwangu, liwe langu la kuondoka nalo. Lilikuwa tayari kwenye mkebe, lina vitumba viwili, siku gari dogo lilipoingia bomani na akashuka mzee mrefu mwenye mkongojo.

Nilimjua kwa kofia.

Mwalimu alimpokea kakake, wakanywa chai, wakaulizana habari za watoto. Kisha akamleta upande wa mashariki. Ulikuwa mwezi wa saba. Kamelia ilikuwa imefika kwenye kingo za mabati na maua sikuyahesabu. Mzee Njoroge alisimama mbele yake. Mkono wake ukapanda polepole, kofia ikashuka kifuani.

"Wambui," akasema, "mimi nimezeeka. Kila nikitoka mlangoni naona zizi. Nimekuja kukuomba tawi la mama."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Usiniombe mimi. Mwombe Syombua. Mti ni wa mama, lakini mkono ni wa huyu."

Jamani. Mtu amewahi kuwapa kitu kikubwa mkashindwa kukishika? Yule mzee akanigeukia, mkulima wa chai toka kuzaliwa, kofia mkononi, akasema, "Mama, nakuomba."

Nilikuwa nimeweka maneno ya siku hiyo tayari kwa miaka. Nilikuwa nitamwuliza kama mawe yetu yameshiba maji. Yalifika mpaka kwenye meno, kisha nikamtazama, nikaona ni mzee tu anayemtaka mamake. Nikaingia ndani nikaleta mkebe wangu, ule wa kuondoka nao, nikauweka mikononi mwake. Mwalimu akafungua mdomo, nikamwambia nitafunga tawi jingine.

"Lakini usikilize, Mzee," nikamwambia. "Usiipande chini. Ipande juu. Shina lipumue. Ukiona mchwa, fanya lolote lakini usiweke majivu."

"Majivu?" akashangaa. "Nani anaweza kuiwekea kamelia majivu?"

Mwalimu alikuwa anaangalia maua. Ningeweza kusema watu wengine, watu wa huku, watu tu.

"Mimi," nikasema. "Mwaka wa tatu. Nusura niiue, Mwalimu, na nikakwambia ni baridi. Nisamehe."

Mwalimu hakugeuka. "Siku kumi na moja," akasema. "Nilikuwa nakuona kwenye dirisha la jikoni, umepiga magoti, unakwangua na kijiko changu cha harusi."

Nikakishika kijiko mfukoni. "Ulikuwa unajua? Na hukusema?"

"Niseme nini? Ningekufukuza, nani angeyakwangua?" Ndipo akanigeukia, na alikuwa anacheka na machozi yako hapo hapo. "Kijiko nimekiona mfukoni mwako miaka yote hii, mama wewe. Sasa kaa nacho. Ni chako."

Mzee Njoroge alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine, haelewi kitu. Alipokuwa anaingia garini akauliza kama kule kwao aukung'ute huu udongo wa mkebeni, kwa kuwa kwao upo mzuri zaidi. Nikamwambia hapana. Usiukung'ute. Ipande na udongo wetu. Akaitikia kwa kichwa, akaupakata mkebe magotini kama dadake alivyoupakata siku ile.

Nikastaafu. Nilifunga tawi jingine, ndilo hilo mnalopigia picha langoni. Mwalimu bado yuko, macho yamepungua, na mimi hupanda kwake kila Alhamisi kuitazama kamelia, sitaki kusema kazi. Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka wa pili baada ya Mzee Njoroge kuondoka, simu ya Mwalimu ikalia tukiwa tumeketi pale upande wa mashariki. Alisikiliza. Niliona uso wake ukibadilika, nikasimama nikidhani ni msiba.

"Limefunguka," akaniambia, akifunika simu kwa kiganja. "Jekundu. Liko mlangoni, pale pale pa mama."

Kisha akasikiliza tena, akakunja uso, akanyoosha mkono na simu kwangu.

"Anakutaka wewe. Anasema vitumba vimekuwa vingi, hajui avitoe au aviache."

Nikaipokea. Nikaketi vizuri, nikatoa kijiko mfukoni nikakiweka magotini, nikasema, "Haya, Njoroge. Nisikilize vizuri."